Jengo la Kihistoria Katikati ya Mji Unaojengwa Upya: Mwongozo Kamili wa Kupanga Vyote Viwili

Siku tingatinga linapoingia kiwanjani, uamuzi wa kubomoa huwa umekwisha kufanywa zamani. Ulifanywa pale mwenye kiwanja alipochorewa ghorofa thelathini kabla ya mtu yeyote kupanda darini kuangalia hali ya boriti, au pale benki ilipokubali mkopo kwa hesabu iliyochukulia kwamba eneo lote ni tupu, au pale paa lililokuwa likivuja lilipoachwa livuje misimu mitano mfululizo. Mikutano ya wananchi inayoitishwa baada ya hapo hujadili jambo ambalo karatasi zimekwisha kuliamua. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unashughulika zaidi na mpangilio wa hatua, yaani kipi kitangulie kipi, kuliko hoja za kupenda au kutopenda majengo ya kale. Unamfaa afisa wa mipango miji, mwenye jengo, mwendelezaji anayetaka kujenga kando yake, na wakazi wanaotaka kuingia kwenye mazungumzo wakiwa na hoja zinazosikilizwa.

Hatua ya kwanza: Andika thamani ya jengo kabla ya mtu yeyote kuchora

Waraka wa thamani ya jengo hauhitaji kuwa mrefu. Kurasa nne au tano zilizofikiriwa vizuri zinatosha. Unajibu swali moja gumu: ni kitu gani ambacho kikiondolewa, jengo litakalobaki halitakuwa tena lile watu wanalolijali? Kwa jengo moja jibu linaweza kuwa ukumbi wenye nguzo za chuma na mwanga unaoshuka kutoka juu. Kwa jingine ni namna linavyokaa kwenye kona na kuufunga mtaa. Kwa la tatu ni tukio lililofanyika humo, ingawa kuta zenyewe hazina ufundi wowote wa kusifiwa. Majibu hayo matatu yanaongoza kwenye mipango mitatu tofauti kabisa. Ndiyo maana Mkataba wa Burra, uliopitishwa na wataalamu wa uhifadhi wa Australia mwaka 1979 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo, unataka thamani ya mahali ieleweke kwanza ndipo maamuzi yafuate. Toleo lake la sasa lina kanuni ninayoipenda kwa kiasi chake: badilisha kadiri inavyolazimu, lakini kidogo kadiri inavyowezekana.

Baada ya hapo ligawe jengo katika mafungu matatu, ukipaka rangi tatu kwenye ramani ya kila ghorofa: sehemu zisizoguswa, sehemu zinazoweza kubadilishwa kwa uangalifu, na sehemu zinazoweza kuondolewa. Kuwa mkarimu kwenye fungu la tatu. Karibu kila jengo la kale lina vyoo vilivyobandikwa uani, dari za bandia zilizoficha dari halisi, na kuta nyepesi za kugawia ofisi ambazo hakuna atakayezililia. Mtetezi anayedai kwamba kila tofali ni urithi huchosha wasikilizaji mapema, na anapofika kwenye ngazi ambayo kweli ni urithi, hakuna tena anayemsikiliza.

Wakati huohuo chunguza sheria inalinda nini hasa. Kuwa kwenye orodha ya majengo yaliyohifadhiwa hakumaanishi kitu kimoja kila mahali: pengine ulinzi unahusu sura ya nje peke yake, pengine unaingia hadi vyumba vya ndani, pengine unagusa kiwanja kizima na mandhari yanayokizunguka. Kama jengo haliko kwenye orodha yoyote, maombi ya kuliingiza yapelekwe sasa, kabla ya maombi ya kibali cha ujenzi kupokelewa. Jiji la New York lilipitisha sheria yake ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Kituo cha reli cha Pennsylvania, kilichofunguliwa mwaka 1910, kilikuwa kimeanza kubomolewa mwaka 1963, kwa hiyo sheria ambayo kubomolewa kwake kulisaidia kuizaa haikumfaa chochote aliyekipenda.

Hatua ya pili: Pima hali ya jengo, na uende siku ya mvua

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea au huokolewa, na hapa ndipo wengi huharakisha. Mhandisi anayekagua jengo la kale saa nne za asubuhi wakati wa kiangazi huona kuta. Anayekwenda mvua ikinyesha huona ugonjwa. Simama nje na ufuatilie maji kuanzia kwenye paa: yanaingia kwenye mfereji, yanashuka kwenye bomba, yanatoka wapi? Mara nyingi utakuta bomba limepasuka kwenye kiungo nyuma yake, upande unaotazama ukuta, ambako hakuna anayepaona. Ukuta hapo una utando wa kijani, na ndani, kwenye ghorofa hiyohiyo, plasta imevimba na kuacha unga mweupe wa chumvi. Ukarabati wa doa hilo huanzia kwenye bomba, na kupaka rangi juu yake ni kulipa fundi mara mbili.

Kisha toa ufunguo mfukoni na ukwaruze kiungo kati ya tofali mbili. Kiungo cha chokaa hutoa unga na kukwanguka kidogo. Cha saruji hubaki kigumu, cha kijivu, bila alama. Kama jengo lilijengwa kwa chokaa na baadaye likazibwa viungo kwa saruji, angalia kwa karibu: utaona mistari ya saruji imebaki imetokeza huku tofali zenyewe zimeliwa na kurudi ndani. Sababu ni kwamba saruji ni ngumu kuliko tofali za zamani na haipitishi unyevu kwa urahisi, hivyo maji yanayotaka kutoka ukutani hulazimika kupitia kwenye tofali, na chumvi inapoganda huko huimomonyoa sura yake. Ukiliona hilo, andika kwenye ripoti kwamba saruji itolewe kwa mkono na viungo virudishiwe chokaa, na ukadirie gharama yake mapema, kwa sababu mkandarasi wa kawaida atakuambia kwamba saruji ni imara zaidi. Anasema kweli, na uimara huo ndio tatizo.

Boriti za mbao zikaguliwe kwenye ncha zake, pale zinapoingia ukutani, maana katikati zinaweza kuwa nzima kabisa huku ncha zimeoza kwa unyevu wa ukuta. Nyufa nazo zisihukumiwe kwa macho ya siku moja. Ufa mpana ambao haujasogea kwa miaka hamsini ni alama ya historia. Ufa mwembamba unaosogea ni habari nyingine. Njia ya zamani ni kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa na kuandika tarehe kando yake, kikipasuka unajua ukuta umetembea; siku hizi hutumika vibao viwili vyenye mistari ya milimita vinavyoonyesha pia umetembea kuelekea wapi. Vyovyote iwavyo, vipimo vichukuliwe kwa mwaka mzima ikiwezekana, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi huvimba majira ya mvua na kunywea wakati wa ukame, na ukuta hufuata. Mwaka huo ndio unaokosekana pale jengo linapokumbukwa mwishoni.

Hatua ya tatu: Fanya hesabu tatu kwa uzito uleule

Mpango wa kubomoa na kujenga upya, mpango wa kuhifadhi na kuongeza jengo jipya kando, na mpango wa kubakiza sura ya mbele peke yake: yote mitatu ichorwe na ikadiriwe na watu walewale, kwa kina kilekile. Ujanja wa kawaida, na si lazima uwe wa makusudi, ni mpango wa kwanza kuletwa ukiwa na michoro kamili na makadirio ya mkadiriaji majenzi, halafu wa pili kuletwa kama sentensi moja inayosema uhifadhi ni ghali mno. Upande wa kubomoa husahau gharama ya kuondoa kifusi na vifaa vyenye sumu kama asbesto, kodi ya pango isiyoingia katika miaka ya ujenzi, na ucheleweshaji unaoletwa na kesi. Watetezi nao husahau yao: kuimarisha sakafu, uhaba wa mafundi wanaojua chokaa na mbao, mita za mraba zisizoweza kupangishwa, na akiba ya dharura ambayo lazima iwe kubwa kuliko ya jengo jipya, kwa sababu ukuta wa zamani ukifunguliwa hutoa mambo ambayo hayakuwa kwenye ripoti.

Jambo linaloamua zaidi hesabu ya uhifadhi ni matumizi yatakayochaguliwa. Usianze na matumizi unayoyatamani ukalilazimisha jengo. Anza na umbo lililopo. Ghala lililojengwa kubeba mizigo mizito hubeba rafu za maktaba bila shida, wakati nyumba ya kuishi ya zama zilezile huenda isiweze. Kituo cha Orsay mjini Paris kilifunguliwa mwaka 1900, lakini treni za umeme zilipozidi kurefuka majukwaa yake yakawa mafupi mno, na kufikia mwaka 1939 kilikuwa kimepoteza safari za mbali. Baadaye kukawa na mpango wa kukibomoa ili ijengwe hoteli. Kilipofunguliwa tena mwaka 1986 kama jumba la makumbusho, ukumbi mrefu wenye paa la kioo, uliokuwa mzigo kwa shirika la reli, ndio uliogeuka kuwa sababu ya watu kwenda. Si kila mji unahitaji jumba la makumbusho, na ni wazi kwamba makumbusho ndilo jibu linalotolewa haraka zaidi na wasiolipa bili za umeme. Cha kujifunza hapo ni kwamba ukumbi haukukatwa vipande kufuata matumizi mapya.

Ulizia pia vivutio vya kodi. Nchini Marekani, kwa mfano, serikali ya shirikisho hutoa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama zinazostahili za kukarabati jengo la kihistoria lenye kuingiza kipato, mradi ukarabati ufuate viwango vilivyowekwa. Nafuu ya namna hiyo, pale ilipo, inaweza kuugeuza mpango wa pili kutoka hasara hadi faida, lakini masharti yake lazima yasomwe kabla ya kazi kuanza, kwani dirisha moja lililong'olewa mapema linaweza kuharibu maombi yote.

Hatua ya nne: Tafuta mahali pa kuweka ghorofa zinazotakiwa

Mwendelezaji hapigani na jengo la zamani. Anatafuta mita za mraba. Ukimwonyesha zinakoweza kukaa, nusu ya ugomvi huisha. Kuna njia mbili kuu.

Njia ya kwanza ni kuhamisha haki ya kujenga. Kama sheria za mipango zinaruhusu ghorofa ishirini kwenye kiwanja na jengo la kihistoria lina nne, zile kumi na sita zisizotumika zinaweza kuuzwa zijengwe kwenye kiwanja kingine, na fedha zikatengeneza paa la jengo la kale. Mfano maarufu ni kituo cha Grand Central mjini New York. Kampuni ya Penn Central iliyokimiliki ilitaka kusimamisha juu yake mnara wa zaidi ya ghorofa 50, jiji likakataa, na mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaupa jiji ushindi, ikizingatia kwamba mmiliki bado alikuwa anaingiza kipato kutokana na kituo na kwamba haki asizoweza kuzitumia hapo ziliweza kuhamishiwa viwanja vya jirani. Utaratibu huu hata hivyo hautembei wenyewe. Lazima liwepo eneo la kupokea lenye uhitaji wa kweli wa ghorofa za ziada. Kama kila mtu tayari anaruhusiwa kujenga atakavyo, hakuna atakayenunua haki ya mwenzake. Na lazima mauzo yaandikwe kwenye hati ya kiwanja kilichouza, ili mmiliki wa miaka ishirini ijayo asije akadai ghorofa zilezile mara ya pili.

Njia ya pili ni kujenga kwenye kiwanja hichohicho kwa kupanga ujazo vizuri. Jengo jipya lirudi nyuma, lianze kupanda juu baada ya umbali fulani kutoka ukingo wa mtaa, na sehemu yake ya chini ilingane na mstari wa paa la jirani yake mzee. Pima kutoka usawa wa macho ya mtembea kwa miguu, kwenye sehemu nne au tano ambazo watu husimama kweli. Picha ya kutoka angani inapendeza kwenye kabati la mwekezaji na haimsaidii mtu yeyote aliye barabarani. London imekuwa ikilinda mwonekano wa kanisa kuu la Mtakatifu Paulo kwa namna hii tangu miaka ya 1930, kwa kuweka mipaka ya kimo kwenye viwanja vinavyolizunguka.

Kisha weka kwenye jengo jipya kila kitu kinacholiumiza la zamani: lifti, ngazi za dharura, vyoo, mitambo ya hewa, mabomba makubwa. Yaunganishe majengo hayo mawili kwa ukumbi mwembamba wa kioo unaogusa ukuta wa kale mahali palipokuwa na mlango au dirisha tangu awali. Kwa uamuzi huo mmoja, mtu mwenye kiti cha magurudumu anafika kila ghorofa, zimamoto wanaridhika, na ngazi ya asili haikatwi. Sijaona suluhisho lingine linalotatua mengi kiasi hicho kwa mchoro mmoja.

Kuhusu kubakiza sura ya mbele na kubomoa yote ya nyuma, nalitaja kama njia ya mwisho kabla ya kupoteza kila kitu. Mtaa hubaki na uso wake, lakini ghorofa za ndani zikishindwa kulingana na madirisha ya zamani, utaona sakafu ya zege ikipita katikati ya dirisha refu, na hilo halifichiki. Kuhamisha jengo zima nako kunawezekana: mwaka 1998 ukumbi wa maonyesho wa Empire ulisogezwa kwenye reli takriban mita 50 kando ya mtaa wa 42 mjini New York. Ni kazi ya gharama kubwa, na jengo hupoteza mahali pake.

Hatua ya tano: Waite wananchi wakati bado kuna cha kuamua

Mkutano ufanyike hesabu tatu zikiwa mezani na hakuna hata moja iliyosainiwa. Leta mfano wa jengo unaoshikika kwa mkono, pamoja na ile ramani ya rangi tatu. Wapangaji wadogo wa ghorofa ya chini waalikwe kwa majina yao, kwa sababu mara nyingi jengo huokolewa na wao wakafukuzwa na kodi mpya. Uwe tayari pia kusikia usichokitarajia. Mjini Dresden wakazi walipiga kura mwaka 2005 kuunga mkono daraja jipya juu ya mto Elbe, na kwa sababu ya daraja hilo, mwaka 2009 bonde la mto huo mjini hapo likaondolewa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Liverpool nayo iliondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi kwenye bandari zake za zamani. Mji unaweza kuchagua hivyo kwa akili timamu, ila bei ya uchaguzi itajwe mkutanoni kabla ya kura.

Hatua ya sita: Funga makubaliano kwa ratiba

Ahadi ya kukarabati isiyo na tarehe haina nguvu. Masharti mawili hufanya kazi kuliko mengine yote. La kwanza ni kwamba kibali cha kubomoa sehemu yoyote kisitolewe hadi mkataba wa ujenzi wa kile kinachokuja uwe umesainiwa na fedha zake kuthibitishwa. Bila hilo, miji hubaki na maegesho ya magari mahali palipokuwa na majengo. La pili ni kwamba ruhusa ya kulitumia jengo jipya isitolewe hadi ukarabati wa la zamani umekamilika na kukaguliwa. Mwendelezaji anayelipa riba kila mwezi atalimaliza jengo la kale kwa kasi ambayo hakuna barua ya onyo inayoweza kuileta. Ongeza na sharti la muda wa mpito, kwamba paa lifunikwe, madirisha yazibwe na mlinzi awepo tangu siku ya kusaini, ili jengo lisiuawe kwa kuachwa.

Hatua ya saba: Lilinde wakati shimo linachimbwa

Hatari kubwa kwa jengo lililokwisha okolewa kwenye karatasi ni jirani yake anapochimba msingi. Kabla ya kazi kuanza, pigeni picha kila ukuta na kila ufa, pande zote mbili zisaini. Weka vipima mtikisiko kwenye msingi. Kiwango cha Ujerumani cha DIN 4150-3, kinachorejewa na wahandisi wa nchi nyingi, kinapendekeza kwa mitikisiko ya masafa ya chini kikomo cha milimita 3 kwa sekunde kwenye msingi wa majengo nyeti ya kihistoria, wakati nyumba za kawaida zinaruhusiwa 5 na majengo ya viwanda 20. Andika kwenye mkataba kwamba kikomo kikifikiwa kazi inasimama, na utaje jina la cheo cha anayeisimamisha. Nguzo za msingi zitobolewe kwa kuzungusha badala ya kugongwa.

Maji ya ardhini yanahitaji uangalizi wa pekee. Shimo refu hupampiwa maji ili libaki kavu, na kiwango cha maji hushuka hadi chini ya majirani. Jengo la zamani lililosimama juu ya nguzo za mbao liko salama mradi nguzo hizo zimezama, kwa sababu kuvu wanaoozesha mbao huhitaji hewa. Zikikauka, zinaanza kuoza. Tarehe 3 Machi 2009, jengo la hifadhi ya nyaraka la mji wa Cologne liliporomoka karibu na uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi, watu wawili wakafa na nyaraka za karne nyingi zikafukiwa kwenye matope. Jengo lenyewe halikuwa la kale. Vilivyokuwa ndani yake ndivyo vilivyokuwa vya kale.

Moto ni hatari nyingine, na wakati wa ukarabati ndio wakati wake. Chuo cha sanaa cha Glasgow kiliungua mwaka 2014, na kikaungua tena mwaka 2018, safari hii vibaya zaidi, kikiwa katikati ya kurejeshwa. Piga marufuku kazi za moto kama uchomeleaji ndani ya paa la mbao. Inapolazimika, zikome saa kadhaa kabla ya mafundi kuondoka na mtu abaki akikagua. Mfumo wa kuzima moto ufungwe mapema iwezekanavyo, hata wa muda, badala ya kusubiri siku ya uzinduzi.

Hatua ya nane: Tenga fungu la matunzo

Kwenye bajeti ya uendeshaji ya eneo zima, pamoja na jengo jipya, iwepo hela ya kila mwaka ya jengo la zamani, ikikusanywa kutoka kwa wapangaji wote. Sehemu kubwa yake itakwenda kwenye kazi ndogo: kusafisha mifereji ya paa kabla ya mvua na baada yake, kurudishia kigae kilichoteleza, kupaka upya mbao za madirisha, kusoma vibao vya nyufa na kuandika tarakimu kwenye daftari lilelile lililoanzishwa wakati wa ukaguzi. Daftari hilo likae kwenye jengo, kwenye sanduku lililofungwa karibu na mlango wa kupandia darini, ili fundi atakayekuja akiwa hamjui aliyemtangulia aanzie pale mwenzake alipoishia.